Swali la Tatu la Bi Mutheu

Wenzangu mnaobaki na ile meza iliyo karibu na dirisha, mkurugenzi aliniomba niache mwongozo wa kurasa nne wenye vichwa vya habari. Nimemwandikia. Uko kwenye kompyuta na sidhani kama kuna atakayeusoma. Haya ni mambo ambayo hayakuingia kwenye mwongozo, nami nayaandika nikiwa kwangu Mambrui, ambako hakuna anayenijia mbio kuniuliza nywila yake ni ipi.

Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani katika kile kituo cha utafiti, humwambia nilitunza majina. Mtafiti huandika makala, makala huchapishwa ng'ambo, na dunia humjua mwandishi kwa ukurasa wake mtandaoni: picha yake, namba yake ya utambulisho na orodha ya kazi zake. Watafiti wetu wanajua mambo mengi ya matumbawe na mikoko. Lakini mwambie mmoja wao apandishe picha yake mwenyewe, atakwambia yuko baharini, hata kama unamwona anakunywa chai kantini.

Nilipoanza hapakuwa na mtandao wa kutajwa. Nilifika nimevaa viatu vipya vilivyonibana, nikakabidhiwa kwa Bi Mutheu, mkutubi wetu, Mkamba wa Kitui aliyekuwa mzee wa kanisa na hakuwa na mzaha hata wa dawa. Alikuwa na kabati la droo ndogo za mbao, na ndani yake kila mtafiti alikuwa na kadi yake. Asubuhi ile alinipa penseli, akanikalisha kando yake, akanambia nitazame.

Mtafiti mgeni alipoingia, Bi Mutheu alimuuliza maswali matatu. La kwanza, jina lako unaliandikaje? La pili, nani alikupa? La tatu, nani mwingine analo? Majibu ya mawili ya mwisho aliyaandika nyuma ya kadi. Yule mtafiti, kijana wa Nairobi, alitoka akicheka chini chini, nami nusura nicheke naye.

"Wewe cheka tu, Zuhura," Bi Mutheu alisema bila kuinua kichwa. "Hapa pwani mtu mmoja ana majina ya watu wanne, na watu wanne wana jina la mtu mmoja. Ukishawachanganya, mimi sitakuwapo kukusaidia."

Alistaafu, kisha akafariki huko kwao. Kompyuta zikaja, na kurasa za mtandaoni zikafuata. Fomu ya kufungua ukurasa ilikuwa na nafasi ya swali la kwanza. La pili na la tatu hayakuwa na nafasi, na kusema kweli nilishukuru, maana foleni ilikuwa ndefu. Kabati la droo likasukumwa nyuma ya mlango, juu yake tukaweka birika.

Sitawadanganya kwamba kazi haikuwa na raha yake. Kulikuwa na profesa mmoja aliyekataa katakata nibadilishe picha yake ya ujanani, yenye nywele. Alialikwa mkutano ng'ambo, wenyeji wakaenda kumpokea uwanja wa ndege wakimtafuta mtu mwenye nywele. Walimpita mara tatu. Aliporudi, aliniletea picha mpya mwenyewe. Kulikuwa pia na mwanamke mmoja, mtaalamu wa samaki, ambaye nusu ya kazi zake zilikuwa kwa jina la babake na nusu kwa jina la mumewe. Kumuunganisha kulinichukua muda mrefu kuliko ile ndoa yenyewe.

Sasa nije kwa Daktari Kahindi Charo. Alikuwa Mgiriama wa Magarini, mtu wa mikoko, na ndiye mtafiti niliyempenda kuliko wote. Alifuta miwani yake kwa upindo wa shati hata akiwa na leso mfukoni. Kiti alikikalia upande, kiwiko kimoja kikiwa juu ya mgongo wa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa. Nilipomfungulia ukurasa wake, aliniandikia nywila kwenye kipande cha karatasi.

"Bi Zuhura, mimi nitaiangalia miti," alisema. "Wewe uniangalie mimi."

Na nilimwangalia. Kila Jumatatu asubuhi mfumo huleta kazi mpya zilizoonekana kwa jina la kila mtafiti, na kwa kila kazi huuliza: Je, kazi hii ni yako? Chini yake kuna vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Ukijibu Ndiyo, ujumbe wenye jina la mwenye ukurasa hutumwa kwenye simu yake. Mwongozo unasema mtafiti ajibu mwenyewe. Mimi niliwajibia wote, zaidi ya thelathini, chai mkono mmoja na mahamri kwenye sahani. Ukishazoea, macho hayasomi tena. Kidole huenda chenyewe.

Daktari Kahindi alifariki akiwa mzee, akazikwa kwake Magarini. Nilikwenda mazikoni. Niliporudi kazini niliandika neno marehemu chini ya jina lake, picha nikaiacha. Kuufunga ukurasa wenyewe kulihitaji barua tatu, nami sikuwa na moyo wa kuziandika.

Zilipita Jumatatu nyingi. Kisha siku moja, baada ya saa sita, mlango ukabishwa.

"Hodi. Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Kahindi Charo."

Nilisahau kumkaribisha kiti. Alijikaribisha mwenyewe, akakaa upande, kiwiko juu ya mgongo wa kiti. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. Nilisogeza kiti changu nyuma mpaka kikagota ukuta. Sioni haya kusema hivyo.

"Wanasema nimekufa," alisema.

Alikuwa mjukuu. Wale wanaowajua Wagiriama hawatashangaa: mtoto hupewa jina la babu yake. Mzee alikuwa Kahindi wa Charo. Alimzaa Charo wa Kahindi, ambaye yuko Mombasa bandarini. Naye Charo akamzaa Kahindi wa Charo, huyu aliyeketi mbele yangu. Alikuwa ametoka kupata udaktari wake, naye pia wa mikoko. Alikuwa ameomba kazi ya uhadhiri chuo kikuu kimoja, na jopo la pale lilimtafuta mtandaoni. Walikuta makala matatu aliyoyataja yakiwa kwenye ukurasa wa mtu aliyezikwa. Barua yao ilisema wanashuku amejipachika jina la marehemu ili aonekane ana kazi. Walimpa siku kumi za kazi ajieleze. Asipojieleza, wangekiandikia chuo kilichompa shahada.

"Miaka saba nimekaa ndani ya matope," alisema. "Sasa naulizwa kama mimi ni mimi."

Nilimwambia ni hitilafu ndogo, itarekebishwa kabla ya chai ya saa kumi. Nilifungua kumbukumbu za mfumo, mahali panapoonyesha nani alibonyeza nini na siku gani. Kazi ya kwanza ya kijana: Ndiyo, Jumatatu, kwa jina langu la kuingilia. Ya pili: Ndiyo, Jumatatu, mimi tena. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Niliulizwa kama kazi ile ni ya marehemu, nami nikajibu kwa niaba yake, nikaendelea kutafuna.

Kazi ya tatu nayo ilikuwa na Ndiyo, kwa jina langu, kutoka kompyuta yangu. Ila siku ile haikuwa Jumatatu. Ilikuwa siku ya pili ya matanga ya dada yangu, mimi nikiwa Mambrui, na ofisi nilikuwa nimeifunga mwenyewe nikaondoka na ufunguo. Nilimwita fundi wetu wa kompyuta. Alitazama, akakuna kidevu, akasema labda mfumo umezoea jinsi ninavyojibu, ukajijibia. Nilimuuliza kama mifumo hufanya hivyo. Akasema hajawahi kuona.

Kijana alipoondoka nililisogeza birika, nikafungua droo ya kwanza. Kadi ya mzee ilikuwepo, kingo zimegeuka rangi. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wa Bi Mutheu, umenyooka kama alivyokuwa mwenyewe. Nani alikupa? Babu. Nani mwingine analo? Hapo alikuwa ameandika jibu alilopewa, maneno mawili: Bado hajazaliwa.

Nilikaa chini. Najua kwamba kwa Mgiriama jibu hilo ni la kawaida tu, maana mjukuu akija jina lake lishajulikana. Lakini lilikuwa limekaa nyuma ya mlango miaka yote hiyo, chini ya birika langu, likiningoja niulize.

Niliomba kurasa zitenganishwe. Kampuni inayozitunza iko mbali, na barua zake huandikwa na mashine. Ilijibu baada ya siku tatu: mwenye ukurasa athibitishe, kwa tarakimu sita zitakazotumwa kwenye simu yake. Niliwaandikia kwamba mwenye ukurasa amefariki. Walinijibu kwamba wanasikitika, na kwamba mwenye ukurasa athibitishe. Ndipo nilipompigia kijana kumuuliza simu ya babu yake ilikwenda wapi.

"Iko kwa hawe," alisema, yaani bibi yake. "Haijazimwa hata siku moja."

Tulikwenda Magarini Jumamosi asubuhi, kwa gari aliloazima kwa rafiki yake. Njiani alinieleza habari ya bibi yake. Tangu alipokuwa mtoto, bibi humwita "mume wangu", utani wa kawaida kwa mjukuu aliyepewa jina la babu. Humuuliza mbona hajaleta nyama, mbona kanyoa vibaya, kisha hucheka mpaka akakohoa.

"Siku hizi bado ananiita hivyo," alisema, akitazama barabara. "Ila hacheki."

Mjane, Mama Charo, alitupokea uani. Alikuwa mwembamba, macho makali, amejitanda leso mpya kwa ajili ya wageni. Simu ilikuwa juu ya kabati, imeunganishwa na waya wa sola, kando yake kikombe cha mzee kimefunikwa kisahani. Nilimwamkia, tukaulizana hali za nyumbani, kisha nikamweleza tulichofuata. Alisikiliza hadi mwisho.

"Simu hii imelia mara tatu tangu tumzike," alisema. "Mara ya kwanza mahindi yalikuwa yanabeba. Mara ya pili tulikuwa tumevuna. Ya tatu, kuku walikuwa wanataga. Ikilia naitazama, naona jina lake. Mimi sikusoma, mwanangu. Jina hilo tu ndilo ninalolijua kulisoma, alinifundisha mwenyewe. Basi nikiliona najua yuko kazini."

"Ni mimi, hawe," kijana alisema taratibu. "Hizo zote tatu zilikuwa zangu. Nilinyamaza nikitaka nikwambie siku nitakayopata kazi."

"Jina nililoliona ni la mume wangu."

Nilitamani sana kurudi kwangu. Nilikuwa nimekuja kuchukua tarakimu sita, kumbe nimekuja kumnyang'anya mwanamke mumewe mara ya pili.

Mama Charo alimtazama mjukuu wake kitambo. "Wasipotenganishwa, huyu atakuwaje?"

"Atakosa kazi," nilisema. "Na wataandika kwamba ni mwizi."

"Basi mwambieni mwenyewe," alisema. "Mtu hatolewi kazini bila kuambiwa."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limejengwa kwa saruji na vigae vyeupe. Jua lilikuwa la saa nne, kuku wakipita. Juu ya kigae kikubwa kulikuwa kumeandikwa KAHINDI CHARO, na kijana akasimama mbele ya jina lake mwenyewe, mikono nyuma. Mama Charo alisimama upande wa kichwani na simu mkononi. Huenda kanisani kila Jumapili, na pia huzisalimia koma, yaani roho za wazee wake waliotangulia. Hajawahi kuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Mimi nilisoma moyoni yale niliyofundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, kisha nikatoa orodha.

Nilisoma jina la kila kazi, nikauliza kama mfumo unavyouliza: Daktari, kazi hii ni yako? Mama Charo alituambia tungoje jibu. Tukangoja. Kisha akasema, "Haya, endelea," kwa sauti ya mtu aliyesikia. Hivyo hivyo kazi baada ya kazi, kurasa mbili nzima. Mwanzoni niliona ni ujinga. Kufikia ukurasa wa pili nilikuwa nangoja jibu kwa dhati.

Nikafika kwenye zile tatu. Niliuliza ya kwanza, kijana akasema, "Ndiyo, ni yangu." Mama Charo akasema haya, endelea. Ya pili vivyo hivyo. Nikauliza ya tatu.

"Ndiyo, ni yangu," kijana alisema.

Mama Charo hakusema kitu. Tulingoja. Kuku walikuwa wameondoka, sijui saa ngapi. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo kuelekea kwenye vigae, kama anavyofanya mtu ambaye mwenzake anazungumza chini chini.

"Anasema hiyo mliifanya pamoja," alisema mwishowe.

Nilimgeukia kijana ili tusaidiane kumtuliza bibi yake. Uso wake ulikuwa umesawijika. Aliketi kwenye ukingo wa kaburi, akavua miwani, na mara hii hakuifuta.

"Kuna daftari zake," alisema. "Nilizikuta kwenye sanduku la bati. Alipima miti ile ile, sehemu zile zile, kabla sijazaliwa. Mimi nilipima tena. Nusu ya makala yale ni vipimo vyake, na jina lake sikuliweka. Nilijiambia majina yetu ni yale yale, nani atajua."

"Nani uliyemwambia?" nilimuuliza.

"Hakuna mtu, Bi Zuhura. Hata hawe hajui kama lile sanduku nililifungua."

Mama Charo hakumkaripia. Aliinama, akaondoa jani lililoangukia kigae. Kisha simu ikalia mkononi mwake, nami nikaruka kama mtoto, na ilikuwa tarakimu sita tu, nilizoziomba asubuhi kabla ya kuondoka, zimechelewa kama kawaida ya mtandao wa kule.

Siku hiyo hiyo tuliandika barua mbili, mezani kwa Mama Charo. Ya kwanza ilikwenda kwa jarida, kijana akiomba jina la babu yake liwekwe kwenye makala ya tatu na kueleza kwa nini halikuwepo. Ya pili ilikwenda kwa jopo, nami nikaitia sahihi pia: kwamba Kahindi Charo ni wawili, kwamba kosa la kuwachanganya ni langu, na kwamba katika kazi ya tatu kijana mwenyewe ana kosa na amelikiri. Nilimwambia barua hiyo ya pili huenda ikamkosesha kazi kuliko kule kudhaniwa marehemu. Alisema anajua. Aliituma mwenyewe.

Jopo lilikaa kimya hadi siku kumi zikapita. Kisha walimwita, wakamhoji nusu siku, na wakamchukua. Kurasa zilitenganishwa. Wa mzee ukafungwa ipasavyo, kwa zile barua tatu nilizokuwa nimezikwepa. Kijana alipokwenda kumweleza bibi yake, alimkuta mlangoni.

"Mume wangu, mbona mikono mitupu?" alimwambia. Na akacheka.

Ilibaki Jumatatu yangu ya mwisho. Nilikuwa nimeshaapa sitambonyezea tena mtu yeyote, na watafiti wote nilikuwa nimewarudishia nywila zao, wakalalamika sana. Nilifungua mfumo ili niwaonyeshe ninyi tu. Palikuwa na ombi moja. Lile jarida lilikuwa limechapisha masahihisho, na sasa makala ya tatu yalikuwa na waandishi wawili, Kahindi Charo na Kahindi Charo. Mfumo ulikuwa unauuliza ukurasa wa mzee, ule tuliokwisha kuufunga: Je, kazi hii ni yako?

Mnakumbuka niliwatuma mkachemshe chai. Sikutaka mnione. Nilimpigia Mama Charo, nikamweleza swali lililokuja. Akaniambia ningoje. Nilimsikia akitembea, nikasikia ndala zake zikipita kwenye mchanga wa uani, kisha kimya. Nilikaa mikono mapajani, simu imebanwa begani, macho kwenye kile kitufe.

"Haya, endelea," Mama Charo alisema.

Nikanyoosha kidole. Sikukifikisha. Swali lilikuwa limeondoka, na mahali pake skrini ilikuwa imeandika: Asante, umethibitisha. Katika simu, kule Magarini, nilisikia ile simu nyingine, ya mzee, ikilia.

Sikumwita fundi. Nilisogeza birika, nikatoa ile kadi, nikaandika chini ya mwandiko wa Bi Mutheu, kwa penseli kama alivyonifundisha. Iko droo ya kwanza, mtaiona. Jumatatu yoyote kazi ya mikoko ikija kwa jina hilo, namba za simu zote mbili, ya babu na ya mjukuu, ziko pale, na juu yake kuna maneno yangu: Ameshazaliwa. Waulizwe wote wawili.